Bibi anauliza kaka yake alizikwa wapi, mjomba anasema tuache wafu walale

Shikamoo Shangazi,

Pole na majukumu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Buhongwa hapa Mwanza, nina kaduka ka vipodozi, asili yetu upande wa mama ni Ukerewe. Nakuandikia kwa ajili ya bibi mzaa mama, ana miaka tisini na kitu, macho yanamsumbua ila akili iko sawa kabisa, ukimkalisha anakutajia ukoo mzima huyu kamzaa nani na yule kaolewa wapi bila kubabaika.

Bibi alikuwa na kaka, sio wa tumbo moja, ni mtoto wa baba yake mkubwa, ila walikua mji mmoja na anasema ndo alikuwa anambeba mabegani wakienda ziwani. Huyo kaka alienda keya (KAR, jeshi la Waingereza la askari wa huku kwetu) wakati wa vita ya Hitla, bibi akiwa bado binti wa kutumwa maji, hakurudi. Hakuwa ameoa wala hakuacha mtoto, kwaiyo wazazi wake walipokufa hakuna tena aliyemtafuta, jina lake lipo kwenye maongezi tu. Hatuna picha yake hata moja.

Vitu anavyokumbuka bibi ni hivi. Aliwahi kuja likizo mara moja, amevaa kofia imekunjwa upande mmoja, akawaambia wao ni watu wa mzinga, mizinga yao inavutwa na magari. Alafu ikaja barua imeandikwa Mombasa, katekista ndo aliwasomea. Baada ya hapo kimya, mpaka siku moja akaja tarishi wa mtemi kutoka Bukindo na baiskeli, bibi yuko uani na mama yake mkubwa wanakata michembe, tarishi akasema kijana amefia majini. Bibi anasema mama mkubwa hakulia palepale, aliendelea kukata viazi kama hajasikia mpaka kisu kikamkata kidole, ndo akapiga ukunga. Baadae wakaitwa bomani Nansio wakapewa hela yake.

Miaka yote hiyo bibi aliamini ni hili ziwa letu ndo lilimmeza. Mjomba (mtoto wa binamu yake bibi) anasema hapana alifia Bama (Burma, ndo Myanmar ya leo), maana keya wote walipelekwa Bama. Mwaka huu bibi ameanza kuniuliza kila nikienda, "kaka yangu wamemlaza wapi?" Na mimi roho inaniuma. Nimegugo jina lake usiku kucha sijapata kitu. Nikapewa namba ya kaka mmoja wasap, anasema familia za keya zina malipo yao Uingereza, nimtumie laki moja na nusu afungue faili.

Sasa mjomba aliposikia natafuta amekuja juu. Anasema mfu aliyepotea haitwi, naleta mikosi kwenye ukoo. Mama yangu ananiambia kwa siri kwamba shida sio mikosi, shida ni lile shamba la michungwa analolima mjomba, lilikuwa la baba yake huyo marehemu, anahisi tunatafuta karatasi za kuja kudai. Sasa hivi hapokei hata simu ya mama.

Shangazi niache au niendelee? Na kama ni kuendelea naanzia wapi, maana mimi sio msomi wa historia.

Mjukuu wa Ukerewe, Buhongwa

---

Marahaba mwanangu,

Endelea. Na nakwambia endelea haraka, sio kwa sababu nyaraka zitakimbia, nyaraka zimekaa miaka themanini zitakaa tena, anayeweza kuondoka ni bibi, na bibi ndo faili lenyewe. Nimesoma barua yako mara kadhaa na kila nikirudia naona bibi amekupa karibu kila kitu, umeshindwa kukiona kwa sababu uko nacho karibu.

Tuanze na alichokumbuka. Watu wa mzinga, barua ya Mombasa, taarifa ya kufia majini. Ukiyaweka hayo matatu pamoja mtu yeyote anayejua habari za askari wa Afrika Mashariki kwenye vita ya pili atakuuliza swali moja tu, je alikuwemo kwenye meli ya Khedive Ismail? Mwanzoni mwa Februari 1944 meli hiyo iliondoka bandari ya Kilindini, Mombasa, kwenye msafara wa meli za jeshi kwenda Ceylon, ndo Sri Lanka ya leo. Ndani yake walikuwemo watu 996 wa kikosi cha mizinga namba 301 cha East African Artillery, pamoja na manesi, wanamaji na wengineo. Tarehe 12 Februari 1944, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Wajapani iitwayo I-27 ikaipiga, ikazama ndani ya dakika chache tu. Walikufa watu 1,297, wakapona 214. Ni moja ya ajali kubwa kabisa za meli za upande wa Waingereza na washirika wao vita nzima, na huku kwetu ambako vijana wengi walitoka ukiuliza mtaani hakuna anayeijua, inaniuma sana hiyo.

Alafu angalia michembe. Viazi vya michembe vinakatwa kiangazi, ili jua livikaushe, miezi ya sita, ya saba, ya nane hivi. Mtu akifa baharini Februari, taarifa ipite jeshini, ifike serikalini Dar, iteremke mpaka kwa DC, iende kwa mtemi, tarishi apande baiskeli, kufika mwezi wa saba sio ajabu hata kidogo. Na mapigano ya Bama kwa divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki yalianza kama Agosti 1944, ndo wakashuka bonde la Kabaw mpaka mto Chindwin, wakaiteka Kalewa Desemba. Kwaiyo muulize bibi kitu kimoja kwa utulivu, hiyo michembe ilikuwa ya mwaka upi? Hatakwambia 1944, lakini atakwambia ni kabla au baada ya fulani kuzaliwa, ni mwaka nilipopata komunio, ni kabla vita haijaisha. Kama ni kabla vita haijaisha, kinachoelekea zaidi ni kiangazi cha 44, na taarifa ya aliyefia Bama isingewahi kiangazi hicho, ukizingatia na hiyo habari ya mzinga.

Sisemi ni yeye. Ni dalili, na dalili tatu zikielekea upande mmoja unazifuata hadi mwisho ndo unageuka.

Namna ya kufuata ni hii. Kuna Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ilianzishwa 1917, inatunza majina na makaburi ya waliokufa wakilitumikia jeshi la Uingereza na makoloni yake vita zote mbili. Tovuti yao ina sehemu ya kutafuta marehemu, bure, hulipii hata senti. Wewe umegugo jina. Jina ndo kitu kibovu kuliko vyote kutafutia, mwanangu, kwa sababu aliyeliandika alikuwa karani wa kambini ambaye hajawahi kusikia Kikerewe, kaandika alivyosikia. Malima inakuwa Marima, Bwire inakuwa Bwile, Magesa inakuwa Mageza. Na vijana wengine walijiandikisha kwa jina la utani, au jina la babu, au la ubatizo peke yake na jina la baba likaachwa. Kwaiyo usiingie na jina, ingia na tarehe. Weka siku ya kufa 12 Februari 1944, chagua vita ya pili, regimenti East African Artillery, itakuja orodha ndefu. Nenda nayo steshenari wakuprintie yote, maandishi makubwa, usibanie hela ya karatasi.

Alafu panda meli uende Nansio ukae na bibi umsomee jina moja moja kwa sauti. Taratibu. Hapo ndo kazi yenyewe ilipo. Sikio la bibi litakamata kitu ambacho jicho lako limepita, atakwambia hebu rudia hilo, hilo walikuwa wanamwita hivyo shuleni, au hilo ni jina la baba mkubwa wamelikosea tu. Rekodi na simu tangu unakaa mpaka unaondoka, simu iwe kifudifudi pembeni isimtishe, na ukimaliza mtumie mama yako na mtu mwingine mmoja hiyo sauti, maana simu zinaibiwa na zinadumbukia majini. Usimkatize akihama stori. Akianza kukwambia habari za mbuzi mwache, humo kwenye mbuzi ndo linatoka jina la rafiki aliyeondoka naye kijijini, na rafiki huyo kama alirudi ana watoto leo, pengine wako Murutunguru au Bwisya na wanajua mengi kuliko Uingereza nzima.

Muulize hasa: majina yote aliyoitwa, la nyumbani, la ukoo, la utani, la dini. Aliandikishiwa wapi. Walikwenda wangapi pamoja. Barua ilisema nini hata kama anakumbuka neno moja tu. Hela ya bomani alipokea nani, na kulikuwa na karatasi yoyote, kuna bibi wengi wameweka karatasi kama hizo kwenye kopo la maziwa au ndani ya biblia mpaka leo.

Jina la ubatizo lithibitishe parokiani. Umesema katekista alisoma barua, kwaiyo nyumba ilikuwa ya Kikatoliki. Ukerewe Mapadre Weupe walifika zamani sana, Kagunguli ni parokia kongwe, na vitabu vyao vya ubatizo ni hazina. Kila mbatizwa ana namba yake, jina la baba na mama, kijiji, mdhamini, na pembeni mara nyingi wameongezea kipaimara, ndoa, wakati mwingine hata kifo. Nenda na namba ya ubatizo ya bibi, kadi yake bila shaka anayo, kwa sababu kaka yake atakuwa miaka kadhaa kabla yake kwenye kitabu hichohicho. Nenda siku ya kazi, sio jumapili padre anakimbizana na misa, beba sadaka ya ofisi, na omba kwa adabu, wakikwambia njoo kesho rudi kesho.

Jina likipatikana, kaburi lake ndo hili: askari wa East African Artillery waliozama na Khedive Ismail hawana kaburi la udongo, majina yao yako kwenye ukuta wa East Africa Memorial, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Sio Bama. Ni Nairobi hapa, basi la kutoka Mwanza linapita Musoma, Tarime, Sirari, unalala njiani asubuhi umefika, ukiwa na hati ya kusafiria. Na kwenye ile tovuti unaweza kupakua cheti chenye jina lake, kikosi na tarehe, ukakiprinti ukakiweka kwenye fremu ukutani kwa bibi.

Najua utawaza, sasa jina ukutani ni kaburi kweli? Wewe ni mtu wa Mwanza. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama hapa mlangoni kwetu, wako waliozikwa Igoma bila kutambuliwa, na wako ambao ziwa halikuwarudisha hadi leo. Ndugu zao wanakwenda wapi kila Mei? Wanakwenda Igoma palepale, wanaomba, wanaweka maua, na hakuna anayewaambia hapo sipo. Bibi amekuuliza wamemlaza wapi. Unaweza kumjibu yuko bahari ya Hindi na wenzake wengi, jina lake liko Nairobi. Hilo ni jibu kamili, usimpe kwa kuomba radhi.

Kuna jambo moja nikuandae. Ukianza kusoma kuhusu meli ile utakuta kwamba wakati watu bado wanaelea majini, manowari za ulinzi zilikuwa zinaiwinda ile nyambizi na moja ikaangusha mabomu ya majini karibu nao. Ni kweli ilitokea. Kamanda aliona nyambizi ikiachwa itazamisha na meli nyingine, watu wanabishana kuhusu uamuzi huo mpaka leo. Huna lazima ya kwenda kumwagia bibi hilo siku ileile unayompa jina. Ila akikuuliza aliteseka, usimtungie stori. Mwambie meli ilizama haraka sana, hilo ni kweli na lina unafuu ndani yake, na mengine mwambie kadiri anavyouliza. Wazee wetu wamebeba makubwa kuliko hayo, kinachowaumiza ni kugundua wamefichwa.

Ikitokea orodha yote imesomwa na bibi hajashtuka popote, hapo ndo unageukia Bama na mjomba atakuwa na haki yake. Batalioni za Tanganyika zilizokuwa divisheni ya 11 ni ya 26 na ya 36 za KAR, tafuta kwenye tovuti ileile kwa regimenti King's African Rifles, kuanzia Agosti 1944. Askari waliofia huko ambao kaburi halijulikani wako kwenye mnara wa Rangoon Memorial, ndani ya makaburi ya vita ya Taukkyan huko Bama, mnara huo una majina karibu 27,000. Muulize pia bibi kama ile kofia au shati lilikuwa na alama ya kichwa cha kifaru, hiyo ndo ilikuwa alama ya divisheni. Na huko nako kulikuwa na maji, mto Chindwin na mvua za masika zilizoua watu, kwaiyo neno "majini" la tarishi linaweza kubeba na hilo.

(Wasomaji ambao mababu zao walichukuliwa vita ya kwanza, wale wapagazi, nyie njia yenu ni ngumu zaidi. Wengi hawakuandikwa majina popote, na Tume yenyewe ilikiri kwenye ripoti yake ya 2021 kwamba watu angalau 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au pengine hawakukumbukwa kabisa. Nitawaandikia siku yenu peke yenu.)

Huyo kaka wa wasap mbloku leo. Laki moja na nusu ni nauli yako ya Ukerewe na karatasi zote na soda ya bibi na chenji inabaki. Kutafuta jina ni bure, kupakua cheti ni bure, hakuna faili la kufunguliwa kwa pesa ya simu. Na ukiona ana haraka, anasema mwisho wa kulipa ni ijumaa, ujue ndo kazi yake hiyo, ijumaa ijayo anampigia bibi wa mtu mwingine.

Sasa mjomba. Mimi namwelewa, na wewe mwelewe. Ukerewe ardhi ni ndogo watu ni wengi, na yeye kaishi na ile michungwa maisha yake yote, ghafla mtoto wa mjini anakuja anaulizia habari za mwenye shamba, ungekuwa wewe ungelala? Neno mikosi amelitumia kwa sababu neno shamba haliwezi kutoka mdomoni kwanza. Kwaiyo mtoe wewe kwenye huo mtego. Usipige simu, hapokei na akipokea mtagombana. Mwombe bibi amwite, bibi akimwita hawezi kukataa, na mbele ya bibi na mzee mwingine mmoja wa ukoo sema kwa kinywa chako kwamba hutafuti shamba, mama yako hatafuti shamba, karatasi utakazoleta zinahusu jina na mahali alipolala. Kama mama yako kweli ana wazo la shamba, hata dogo, basi usiseme hivyo, maana utakuwa umetumia marehemu kudanganya, kaa naye kwanza mlimalize nyumbani kwenu. Hilo ni swali ambalo hukuniuliza lakini mimi nakuuliza.

Na habari ya mfu kutoitwa, usiipuuze wala usibishane nayo. Muulize mjomba, kwenye ukoo wetu mtu aliyefia mbali mwili usirudi anafanyiwa nini? Atakuwa na jibu, au atamtaja mzee mwenye jibu, na hapo umeshampa nafasi kwenye jambo hili badala ya kumzunguka. Padre naye atasoma misa. Vyote viwili vinaweza kufanyika wiki moja na hakuna atakayeumia.

Jina ulilonitumia nimelihifadhi sijaliweka hapa. Orodha printi wiki hii, usingoje likizo ya Desemba, na unapokwenda kuisoma mwambie mjomba muda na siku ili akitaka aje akae asikilize na yeye.

Shangazi